Mstari Kwenye Puto

Mikono miwili ilishika bamba moja la shaba kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuachia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Nyawera, mbele ya maman Bintu anayeuza vyuma vikuukuu: bawaba, mabomba, makufuli yaliyopoteza funguo zake. Mvua ilikuwa imekatika muda huohuo na kuacha tope. Wabebaji walipita na magunia ya mihogo wakipiga kelele wapishwe, pikipiki zilipiga honi, na mama mmoja alikuwa akimtukana mbuzi wake kwa sauti ya kanisani. Katikati ya vurugu hiyo, watu wazima wawili walivutana bamba la mlango wa nyumba ya zamani.

"Ni mie niliona wa kwanza, papa," alisema msichana.

"Papa? Niangalie muzuri. Ata bibi siko naye."

"Sikukuuliza kama uko na bibi."

"Lakini sasa unajua."

Maman Bintu alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Yeye alikuwa ameshaona biashara nyingi zikianza hivi, na si zote zilikuwa za vyuma.

Msichana huyo aliitwa Apolline. Alivaa liputa, kitenge cha kujifunga, ya buluu yenye ndege wa manjano, blauzi ya mikono mifupi, na misuko myembamba aliyoifunga nyuma kwa kamba ya plastiki kana kwamba utepe haujawahi kubuniwa. Uso wake ulikuwa wa kupendeza, sitaki kukuficha, lakini kilichomvutia yule kijana ni vidole vyake: kucha fupi, na alama nne tano za kuungua. Yeye mwenyewe, Ezéchiel, alikuwa fundi wa kuchonga vyuma mwenye kibanda Kadutu, mrefu, mabega mapana, shati jeupe lililofuliwa vizuri ila kwenye kola, ambako grisi ilikuwa imekataa kutoka.

"Nitaachia," alisema, "kama utaniambia juu ya nini unaitaka. Musichana wa liputa muzuri hivi na laiton, shaba hii, wapi na wapi?"

"Ni juu ya mashini yangu, ya kuisafisha. Iko na midomo, na ile midomo haiguswe na chuma ata siku moja. Paka laiton tu."

"Mashini gani iko na midomo? Kwetu Kadutu hakuna."

"Ya plastiki. Siyo kila kitu iko Kadutu, papa."

Akamweleza, mkono wake ukiwa bado juu ya bamba. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda kidogo cha plastiki chini ya Muhumba, karibu na ziwa, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo pale. Chembe za plastiki zinayeyushwa, zinasukumwa kupita katikati ya midomo miwili ya duara, zinatoka zikiwa puto refu linalopanda hadi darini. Huko juu puto linabanwa na mbao mbili, linalala bapa, linazungushwa kuwa rulo. Hiyo ndiyo mifuko inayowekwa ndani ya magunia ya kahawa ili unyevu usiingie. Ila plastiki hugandamana kwenye midomo, inaungua kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, na kila kipande cha ukoko kinachora mstari juu ya puto. Mfuko wenye mstari unapasuka palepale penye mstari. Basi ukoko unakwanguliwa, na unakwanguliwa kwa shaba ya njano tu, laiton, kwa sababu ni laini. Ukipitisha kisu cha chuma mara moja, umeuchubua mdomo, na huo mstari hautatoka tena.

Ezéchiel alisikiliza bila kupepesa. Alipenda watu wanaoijua kazi yao, na hakuwa amewahi kumwona mmoja mwenye macho kama yale.

"Chukua bamba," alisema. "Lakini kuya nayo kwangu Kadutu, nikukatie. Bila makuta, bure. Mutu anaongea juu ya laiton namna hii, mie siwezi kumuacha aikate na musumeno ya mbao."

"Na kama nikikataa?"

"Nitakuya kila samedi kwa maman Bintu, nitashika kila kitu unashika."

Apolline alikwenda. Bamba lilikatwa vipande vitatu, pembe zikasuguliwa, na namba za simu zikabadilishwa bila aibu.

Tangu hapo simu haikupumzika. Kila siku saa sita, wakati wa kula, Apolline akiwa amekaa juu ya gunia la chembe za plastiki na sahani ya fufu na sambaza, vidagaa vya ziwani, simu ililia.

"Allô, docteur ya plastiki?"

"Docteur iko nakula."

"Unakula nini bila mie?"

"Sambaza."

"Ngapi?"

"Ezéchiel, sikuhesabu sambaza!"

"Unipatie mikia basi. Mie ni mutu wa kuridhika."

Jumapili baada ya misa walitembea kando ya ziwa, Apolline amevaa gauni la kitenge alilojishonea, Ezéchiel shati lilelile na kola ileile. Ezéchiel alimwambia habari za baba yake aliyekufa mapema na papa Benoît, mjomba wake wa Cimpunda, katekista, aliyemlea na kumfundisha jambo moja tu mara elfu: fundi anaweza kukosa chakula, lakini akikosa jina, amekwisha. Ndiyo maana Ezéchiel hakuwahi kumuuzia mtu chuma akisema ni shaba, wala kipya akisema ni cha zamani. Kadutu nzima ilijua hivyo. Mafundi wengine walimcheka kidogo, kisha walimtumia wateja wao wakali.

Mwezi wa nne tangu siku ile ya soko, Ezéchiel alimshika mkono akaona alama mpya ya kuungua kwenye kidole gumba.

"Hii ni nini tena?"

"Mudomo ni moto, bébé. Na kile kipande cha laiton hakina mupini. Nimeshazoea."

"Haizoewake, kuungua."

Ezéchiel alimwachia mkono. Alirudi kibandani akatafuta laiton safi, akachonga bamba jembamba kama ulimi, kisha akatengeneza mpini wa mti wa parachichi, mfupi, unaoenea kiganja cha Apolline na si cha mtu mwingine. Aliubana kwa misumari miwili iliyozama ndani ya mti, akaifunika na gundi na unga wa mbao, akasugua mpaka isionekane. Misumari hiyo ilikuwa ya chuma. Hakumwambia. Nani anamweleza mpenzi wake habari za misumari?

Alimpa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na siku hiyohiyo akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wanalisubiri.

"Dimanche inayokuya, papa Benoît na batonton bangu, bajomba bote, wanakuya kwenu kuposa. Kama unataka."

Apolline aliangalia ziwa. Aliangalia raklete mkononi, hivyo ndivyo wanavyokiita kikwanguo kiwandani. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, jambo linalomtisha sana mwanamume asiyelizoea.

"Unalia juu ya nini? Unakataa?"

"Mujinga wewe," alisema. "Bambie bakuye mapema, papa yangu Théodore hapende batu ba kuchelewa."

Jumatatu alianza kutumia raklete mpya. Na Jumatatu hiyohiyo mstari ukatokea.

Ulikuwa mwembamba, mrefu, umenyooka toka mwanzo wa rulo hadi mwisho. Alisimamisha mashine, akasafisha midomo. Mstari ukabaki. Akaongeza moto kidogo, akabadilisha kichujio. Mstari ukabaki palepale, mahali palepale, bila aibu. Jumanne ushirika wa kahawa ulirudisha marulo sita: mifuko ilikuwa imepasuka kwa urefu kama ganda la maharage.

Patrice, mkuu wa uzalishaji, mtu mwema lakini mwenye pupa, alishuka na kofia yake ya manjano.

"Apolline, hii imeanza siku gani?"

"Lundi, chef."

"Na lundi ni nini ilibadilika?"

Apolline alifikiri. "Paka raklete tu."

"Nionyeshe."

Kwenye faneli ya mashine kulikuwa na sumaku kubwa inayokamata vipande vya chuma vilivyochanganyika na chembe. Patrice aliichomoa, akaisogeza kwenye raklete, kwenye mpini, pale alipofikia kwanza. Tak! Ikang'ang'ania.

Hata Priscille, anayekata marulo na ambaye mdomo wake haujui likizo, aliacha kisu akaja kuangalia.

"Laiton haishikwake na sumaku," alisema Patrice polepole. "Hii ni chuma wamepaka rangi. Umechubua filière yangu, ile midomo, na chuma, Apolline. Itabidi tuifungue, tuitume ng'ambo ya mpaka bakaisugue. Wiki tatu bila kazi. Piga simu kwa huyu fundi yako. Na uweke haut-parleur, nisikie."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Apolline, ingawa ninampenda. Angeweza kugeuza kile kikwanguo. Angeweza kusogeza sumaku kidole kimoja mbele, kwenye bamba lenyewe la shaba. Lakini alikuwa na aibu mbele ya watu, na aibu ni mshauri mbaya. Alipiga.

"Docteur yangu!" ilisema sauti kwa furaha, kiwanda kizima kikisikia. "Leo unapiga mbele ya saa sita, kuna nini?"

"Ezéchiel. Ulinipa chuma."

"Nini?"

"Raklete. Ulisema ni laiton. Ni chuma. Mashini imechubuka."

Nyuma ya Ezéchiel ilisikika nyundo ya jirani ikigonga, kisha ikaacha.

"Nani anasema vile?"

"Sumaku inasema. Inaishika. Niko naiona na macho yangu."

Ezéchiel alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake, na mafundi watatu walikuwa wamegeuka kumwangalia, maana sauti ya Apolline ilikuwa kali na simu ya fundi ilikuwa ya zamani, inayovujisha maneno.

"Na wewe unaamini?"

"Niambie basi niamini nini!"

"Kama ni lazima nikuambie," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa kabisa, "basi sumaku ikuoe."

Akakata.

Maneno yana miguu mirefu kuliko pikipiki. Jioni Kadutu ilikuwa inajua kwamba Ezéchiel, yule mtakatifu wa shaba, alimuuzia mchumba wake mwenyewe chuma cha kupaka rangi. Jumatano wateja wawili walikuja na sumaku mfukoni. Walijaribu coussinets zao, pete za shaba alizowachongea, mbele yake bila haya, zikaonekana safi, wakaondoka bila kuomba radhi. Na jioni ile papa Benoît alituma ujumbe Muhumba kwa papa Théodore, kwa heshima nyingi na kwa ufupi: Jumapili hawatakuja.

Papa Théodore, mwalimu mstaafu, alimwita binti yake sebuleni, akamsomea ujumbe kama anavyosoma imla.

"Ulimuuliza kijana huyo kabla ya kumuita mwizi?"

"Papa, sumaku ilishika."

"Sikukuuliza habari ya sumaku."

Apolline aliingia chumbani akajifunika shuka hadi kichwani. Alimchukia Ezéchiel, kisha akamtamani, kisha akamchukia tena kwa sababu anamtamani. Sauti yake ya saa sita ilikuwa imempotea na mwili mzima ulijua. Alielewa sasa kilicho mbele yake: isipojulikana kweli, Ezéchiel hatarudi, na hata akirudi, hataweza kuishi na mwanamke ambaye anamwona mwongo.

Alhamisi Patrice alileta funguo za kufungulia filière.

"Chef," alisema Apolline, "nipe saa moja. Moja tu. Kuna kitu sielewi."

"Nini tena?"

"Nimesafisha, nimebadilisha moto, kichujio, na mustari haijasogea ata milimeta. Lakini sijaangalia bado inaanzia wapi. Sisi wote tumeangalia paka midomo tu."

Alivua glavu. Aliwasha tochi ya simu, akapiga magoti karibu na midomo mpaka joto likamuuma mashavu, akamulika puto linapotoka. Plastiki ilikuwa wazi kama maji. Hakuna mstari. Akasimama, akasubiri lipoe, akapitisha ukucha kuzunguka puto lote, juu ya kiuno chake. Laini. Akapanda ngazi hatua nne, tano. Laini. Akapanda hadi kule darini, mahali mbao mbili zinapolibana puto, akaweka ukucha juu ya plastiki iliyokwisha kupita kwenye mbao.

Ukucha uliingia kwenye mfereji mdogo, mwembamba, ulionyooka.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Chef, simamisha!"

Ubao mmoja wa kubania ulikuwa wa zamani, umelainika kwa kazi ya miaka. Wa pili ulikuwa mpya, mweupe, wa kasha la kupakizia. Na katika ubao huo mweupe pini moja ya kasha ilikuwa imechomoza kidogo tu, kama ncha ya sindano, ikilikwaruza puto mchana kutwa.

Apolline alishuka na ile pini kati ya vidole vyake.

"Ni nani alibadilisha ubao?"

Patrice alivua kofia. Aliikagua ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Ule wa zamani ulikuwa umepasuka," alisema. "Niliona, nikapigilia mwingine haraka. Ni kitu kidogo, sikuwaza..."

"Siku gani, chef?"

"Lundi."

Mtu akitafuta kosa, hujisahau mwenyewe katika hesabu. Mashine iliwashwa, puto likapanda, likapita mbaoni, na rulo likatoka bila alama. Priscille alipiga kigelegele. Apolline hakukisikia. Alikuwa amekwenda kwenye droo ya Patrice, ametoa raklete yake aliyonyang'anywa Jumanne, amechukua sumaku. Akaiweka juu ya bamba la shaba. Sumaku ikateleza ikaanguka chini. Akaiokota, akaiweka kwenye mpini. Ikashika. Akakwangua gundi na ukucha, mahali pawili, na vichwa viwili vya misumari vikamwangalia.

Aliketi sakafuni na kombinezo yake, ovaroli ya kazi.

"Chef," alisema baadaye, "unavaa koti. Tunaenda."

"Wapi? Niko kazini!"

"Ulitaka haut-parleur. Na mie nataka haut-parleur."

Kibanda cha Kadutu kilikuwa kimefungwa. Jirani wa nyundo alisema Ezéchiel yuko Cimpunda kwa mjomba wake. Wakapanda pikipiki moja, Patrice katikati akishikilia kofia, wakashuka panapokomea njia ya pikipiki, wakamalizia kwa miguu kati ya nyumba zilizobanana, ngazi za udongo zikiteleza, nguo zikiwa zimeanikwa juu ya vichwa vyao. Majirani walichungulia: msichana wa kombinezo yenye madoa, misuko imefumuka, na bwana mmoja wa kofia ya plastiki anayehema.

Papa Benoît alikuwa kizingitini akichambua maharage kwenye ungo. Ezéchiel alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango. Alimwona Apolline, bisibisi ikamwanguka.

"Karibu," alisema mzee bila tabasamu. "Ikaleni."

"Papa, ninaomba nisikae. Nikikaa nitashindwa kusema. Ezéchiel alinipa laiton. Laiton ya kweli. Mie nilimuita mwongo mbele ya batu ba kiwanda, nikiwa na haut-parleur. Chef yangu huyu hapa, muulizeni."

"Ni kweli," alisema Patrice. "Mustari ilikuwa ya kwangu. Ni mie nilipigilia ubao. Nimekuya kuomba pardon, na kesho nitapita Kadutu kwa kila fundi nimuambie."

Mzee aliendelea kuchambua. Aliondoa jiwe moja, akalitupa.

"Ile mashini," alimwuliza Apolline, "uliichunguza siku ngapi mbele ya kujua ugonjwa yake?"

"Siku nne, papa."

"Na mutoto yetu?"

Machozi ya Apolline yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Dakika mbili," alisema.

Ungo ulitulia. Kwa mbali mtoto alikuwa anaimba, na mtu aliwasha redio akaizima. Apolline aligeuka ili aende.

"Papa," alisema Ezéchiel. Aliokota bisibisi, akaigeuza mkononi. "Na mie niko na yangu. Aliposema sumaku imeshika, nilijua palepale. Ni misumari ya mupini. Neno moja tu, 'misumari', na mambo ilikuwa imeisha."

Apolline aligeuka taratibu.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Toka mardi ulijua?"

"Nilitaka uniamini bila nikuambie. Nilikuwa na kiburi, chérie. Nilikaa kibandani nangojea ulete magoti yako, na kila saa sita naangalia simu kama mujinga."

"Nimelia siku tatu!" Alimpiga begani kwa ngumi, ngumi nzuri, ya mtu anayefungua parafujo kwa kazi. "Nimelalia shuka yenye maji! Papa amenisomea imla! Na wewe unanyamaza na misumari yako?"

"Pardon."

"Pardon gani!"

"Na wewe uniambie pardon basi!"

"Nimeambia Cimpunda nzima, unataka niende na redio?"

Papa Benoît alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu yakitikisika, kisha maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Patrice, ambaye hakujua afanye nini, aliinama kuyaokota.

"Hawa wawili," alisema mzee akijifuta macho, "mukiwaacha mbalimbali wataharibu nyumba mbili. Bora waharibu moja. Apolline, mwambie papa yako dimanche tuko njiani. Na tutafika mapema."

Jumapili walifika mapema kweli, saa tatu na nusu, viatu vimepakwa rangi, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Ezéchiel alikuwa na shati jipya, na kola yake kwa mara ya kwanza haikuwa na grisi. Sebule ya Muhumba ilijaa hadi barazani. Walikula, wakasema maneno marefu ya heshima, wakasifia nyumba, wakasifia ng'ombe wa mahari ambao bado wako njiani. Kasiksi, pombe ya ndizi, ililetwa katika mtungi ikawekwa mbele ya papa Théodore, lakini hakuigusa.

Kwetu baba hagusi kitu cha posa kabla ya kumwita binti mbele ya watu wote na kumwuliza kama anamjua mwanamume huyo. Jibu linajulikana tangu zamani. Binti anainamisha kichwa, anasema "ninamujua", vigelegele vinapigwa, mtungi unafunguliwa.

Apolline alitoka chumbani na liputa mbili za rangi ya zambarau, misuko mipya, pete ndogo za masikio. Alama za kuungua zilikuwa wazi kwenye vidole vyake, hakuzificha. Shangazi zake walikuwa tayari, ndimi zimekaa sawa kwa vigelegele.

"Binti yangu," alisema papa Théodore, "unamujua huyu mwanaume?"

Apolline hakuinamisha kichwa. Alimwangalia Ezéchiel kwa muda, mpaka watu wakaanza kujigeuzageuza kwenye viti.

"Bado, papa."

Shangazi mmoja aliguna. Ezéchiel alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Sijamaliza bado kumujua," aliendelea. "Nilizani ninamujua, na nilikosa. Lakini siku nitasikia neno mubaya juu yake, mutu wa kwanza nitamuuliza ni yeye mwenyewe. Kama hiyo inatosha, papa, pokea."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Papa Théodore alimgeukia Ezéchiel.

"Umesikia. Inatosha?"

Ezéchiel alisimama.

"Inatosha, papa. Na mie, akiniuliza, nitamujibu."

Papa Théodore alinyoosha mikono yote miwili, akapokea mtungi.